Kocha, nilipewa taa nyekundu mara tatu na wasee wa gym wanasema niliibiwa

Kocha habari yako. Mimi ni msee wa Kayole, niko na miaka 27, kazi yangu ni kupakia na kushusha mzigo kwa hadiwea, simiti sana sana, mabati, mbao, chochote lori imeleta. Sitaki jina langu litokee, niite tu Mzee wa Simiti vile wananiita gym.

Gym yetu si ile ya vioo na muziki, ni mabati nyuma ya ploti, na uzito mwingi hapo ni mikebe ya rangi tulijaza simiti, chuma ya kushika ni ekseli ya gari tulitoa kwa watu wa skrepu, benchi ilichomelewa na fundi wa hapo karibu. Nimekuwa hapo tangu nimalize fomu foo. Kitu mimi huweza sana ni benchi, ile ya kulala chali unasukuma chuma kutoka kifuani. Squat sipendi, mgongo nautumia kazini, lakini nikilala kwa hiyo benchi watu wanaacha kile wanafanya wanakuja kuona. Kwa hesabu yetu ya gym nimefika kilo 145.

Sasa kukatokea mashindano ya kunyanyua uzani hapa Nairobi, na kuna sehemu ya benchi peke yake, wasee wakasema lazima niende. Wakachanga, wengine soo, wengine soo mbili, pesa ya kujisajili na fare ikapatikana, hadi singleti nikaazimwa na jamaa mmoja alikuwa anacheza mieleka, ilinibana hadi nikikohoa naogopa itapasuka. Nikapimwa, kilo 81, nikaekwa kwa kundi la 83. Wakaniuliza utaanza na ngapi nikawaambia 130. Kocha, 130 kwangu ni ya kupasha mwili.

Mara ya kwanza nikashusha nikapandisha, haraka, safi, nikasikia wasee wangu wamepiga nduru. Kuangalia taa, nyekundu zote tatu. Alafu marefa wakainua vikadi vya manjano, mimi sikuelewa ni za nini. Nikaitisha 130 tena, sasa niko na hasira, nikangoja ile amri yake, na aliikawiza makusudi naona, nikasukuma ikapanda, nikapewa nyeupe moja nyekundu mbili. Manjano tena. Ati niliinua makalio. Ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka lakini nikapigana nayo, ikafika juu kabisa, nikairudisha kwa stendi. Nyekundu mbili. Manjano tena!! Kwa karatasi ya matokeo jina langu liko chini kabisa na hakuna kilo hata moja. Na kuna kijana mrefu mwembamba wa kundi langu alienda na medali kwa 117.5, uzito mimi naweka mara sita bila kusimama.

Kurudi nyumbani kwa mat hakuna mtu aliongea hadi tukafika Donholm, alafu wote wakaanza kuongea pamoja. Wanasema niliibiwa sababu sijulikani, sina klabu, sina kocha, ata singleti ni ya kuazima.

Alafu kuna jamaa huja hapo gym jioni, ako na sindano. Anasema wote walikuwa kwa jukwaa wanatumia, ati mtu wa kula githeri na ndengu hawezi shindana nao, na pesa anataka ni kama rent yangu ya mwezi, naweza lipa mara mbili. Mke wangu naye ananiuliza hizo kilo kwani zinalipa rent. Hakusema kwa ubaya lakini iliniingia. Tuko na mtoto mmoja. Mimi nataka kurudi mashindano yakirudi, lakini naogopa kuaibika tena mbele ya watu walinichangia. Niambie ukweli, niliibiwa ama? Na hiyo sindano nidunge ama niachane nayo?

Mzee wa Simiti, Kayole


JIBU LA KOCHA

Mzee wa Simiti, pole sana ndugu yangu. Nitaanza na ile hutapenda: hukuibiwa. Sikuwa hapo na sihitaji kuwa nilikuwa hapo, kwa sababu umeniandikia ushahidi wote mwenyewe kwa hiyo barua yako.

Tuanze na hivyo vikadi. Refa akikupa taa nyekundu, yaani amekataa, lazima aonyeshe kwa nini, na kadi ndio lugha yake. Kwa benchi kadi nyekundu inamaanisha chuma haikufika kifuani, ama viwiko havikushuka vya kutosha (hii ya viwiko ni mpya, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPF, liliileta 2023 juu watu walikuwa wanakunja mgongo kama daraja hadi chuma inasafiri sentimita chache tu na wanahesabiwa). Kadi ya bluu ni ya nguvu kuisha: chuma ilirudi chini kidogo ukiisukuma, ama hukunyoosha mikono ikafunga. Manjano ni yale mengine yote, kutongoja amri, makalio kuachana na benchi, kusogeza kichwa ama mabega, kuidundisha kifuani. Wewe umepata manjano mwanzo mwisho. Hakuna bluu hata moja. Yaani 130 ya kweli, imepimwa, kwa jukwaa, ukiwa na hasira na singleti ya mtu mwingine, uliipandisha mara tatu na hakuna refa hata mmoja alisema nguvu ilikuisha. Kuna watu wamefanya mazoezi miaka na miaka wangelipa wapewe hizo manjano zako. Shida yako sio nguvu, na sasa ndio unaona kwa nini huyo jamaa wa sindano anakuuzia dawa ya ugonjwa hauna.

Sasa turudi kwa kila moja.

Ya kwanza umesema "nikashusha nikapandisha, haraka, safi". Hapo ndio ulinyongwa. Kwa mashindano kuna amri tatu na zote zinatoka kwa refa mkuu, yule anakaa upande wa kichwa chako. Unatoa chuma kwa stendi, unafunga viwiko, unatulia, anakwambia stati. Unashusha hadi kifuani, inakaa hapo, haisongi, ndio anasema presi. Unasukuma, unafunga viwiko, unatulia tena, anasema raki, ndio unairudisha. Ukiruka moja, hata ukipandisha na mkono mmoja huku unapiga simu, ni nyekundu. Sisi huku mitaani tumezoea chuma iguse kifua irudi, na wengine tunaijua vizuri sana ile ya kuidundisha kwa mbavu ndio ipate kasi, kwa hivyo 145 yako ya gym na 130 ya jukwaani hazipimwi kwa kipimo kimoja. Chuma ikitulia kifuani ule mruko wote unapotea na unaanza kusukuma kutoka sufuri. Watu wengi kilo kadhaa zinawatoroka hapo, na si aibu, ni hesabu tu.

Ya pili unasema refa alikawiza makusudi. Refa haangalii saa, anaangalia chuma. Anangoja itulie. Ukiwa na hasira chuma inatetemeka kifuani, inazama kidogo, inapanda kidogo, na yeye ananyamaza tu juu hawezi kusema presi kwa kitu bado kinatembea. Wewe ndio ulijikawiza. Ukishusha polepole na ukaibana mgongo, amri inakuja haraka hadi utashangaa. Na hayo makalio, hapo nina shaka na benchi yenu. Benchi ya mashindano iko kati ya sentimita 42 na 45 kutoka chini, enda na tepu upime yenu, naweza kuweka pesa yangu kwamba fundi aliichomelea kwa urefu wa vyuma alikuwa nazo siku hiyo. Ikiwa ni ndefu, miguu yako imezoea kuning'inia na kusukuma kwenda juu, na hiyo nguvu ya miguu ndio inainua makalio. Miguu ikanyage chini yote, alafu usukume kama unajitelezesha kuelekea kichwani, mgongo wa juu unazama kwa benchi, makalio yanabaki. Kupinda mgongo kunaruhusiwa, usiogope kupinda. Jaribu hii: weka kipande cha gazeti chini ya makalio, mtu akishike upande, na ukisukuma akivute. Kikitoka, umeinuka. Siku kitakataa kutoka na uzito ukiwa mzito, hapo umeshika.

Ya tatu sasa. Umeniandikia "ikafika juu kabisa, nikairudisha kwa stendi". Nani alikwambia uirudishe?

Hiyo ndio iliniuma nikisoma, sababu ilikuwa ngumu na ulikuwa umeshaimaliza. Sekunde moja tu ya kushikilia ungekuwa na 130 kwa karatasi na huyo kijana mrefu angekuwa nyuma yako. Kwa gym yenu ukifunga mikono spota anadaka chuma haraka mnasherehekea, kwa hivyo mwili wako umejua kazi imeisha viwiko vikifunga. Haijaisha. Na usimdharau huyo kijana, wewe unaweka 117.5 mara sita, yeye aliweka mara moja na ikahesabiwa, na siku hiyo ndio ilikuwa mchezo.

Lakini kosa kubwa, na hapa nalaumu zaidi wale walikushauri, lilifanyika kabla ulale kwa benchi. Ni ile 130 ya kuanzia. Sheria ni hii: una majaribio matatu, na uzito hauwezi kushuka. Ukishaitisha 130 ukakosa, unaweza kurudia 130 ama kuongeza, lakini 120 imeenda hivyo. Ulijifungia mlango mwenyewe na ufunguo ukabaki ndani. Uzito wa kwanza si wa kuonyesha watu wa mtaa, ni wa kuingia kwa karatasi. Unachagua ule unaweza kuweka mara tatu na chuma inatulia kifuani kila mara, siku mbaya, siku lori imekuja asubuhi na umeshusha mifuko ya kilo 50 hadi mabega yanauma. Kama siku hiyo unauweza, basi na ukiwa na woga wa jukwaa utauweza.

Na huwezi kuchagua kama hujui unainua nini, sasa hapa tuongee kuhusu hiyo mikebe. Simiti ikikauka haiwi uzito uliandika na rangi juu yake, inategemea kokoto mliweka na maji na nani alikoroga. Bebeni kila mkebe na hiyo ekseli hadi kwa mtu wa skrepu, ako na mizani, mpe ya soda akuwekee moja moja, alafu andika kilo za ukweli. Chuma ya mashindano ni kilo 20, na zile kifungio za pembeni ni 2.5 kila moja, kwa hivyo kabla hujaongeza kitu una 25. Inawezekana 145 yenu ni 138, inawezekana ni 149, sijui na wewe hujui, na hauwezi panga mashindano na kitu hujui. Ukiwa hapo hapo chukua tepu nyeusi ya umeme upime sentimita 81 katikati ya ekseli, uzungushe tepu pande zote mbili. Hapo ndio mwisho wa kushika, vidole vya shahada havipiti alama hiyo. Ekseli haina alama, na nikikumbuka vile watu wa gym za mitaani hushika upana wa mlango, sitashangaa ikiwa mikono yako ilikuwa mahali pengine kabisa siku hiyo na ndio maana 130 "ya kupasha mwili" ilikuwa nzito.

Sasa kwa wasee wako. Wanakupenda, wamekuchangia, na wako na roho safi, lakini kwa mazoezi ya mashindano wanakuharibu. Mtu anapiga nduru kabla chuma ifike juu hawezi kukusaidia. Tafuta mmoja, yule mkimya, ile aina ya mtu husema tu "hiyo haikuingia" na watu wanamkasirikia. Huyo ndio refa wako. Asimame kichwani, akupe stati, presi, raki kwa kila seti hata ukiinua chuma tupu, na presi aikawize siku zingine makusudi kabisa, hadi uache kuhesabu ukianza kusikiliza. Ukipandisha kabla aseme, hiyo haijahesabiwa, rudia. Mara mbili kwa wiki inatosha kwa mtu wa kazi yako, siku moja nzito ya mara mbili tatu, siku nyingine nyepesi ya mara tano sita na chuma inakaa kifuani kidogo zaidi, na siku lori ya simiti imefika usijidanganye, enda ulale. Mgongo wa juu pia uufanyie kazi, vuta chuma kuelekea tumboni, sababu huo mgongo ndio meza unalalia ukishusha.

Kama unadhani kutuliza chuma kifuani ni mambo ya kuonea watu wa mtaani, Hellen Wawira Kariuki ni Mkenya mwenzetu, alileta shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 kwa unyanyuaji uzani wa walemavu. Huko mchezo ni benchi peke yake, miguu imelazwa juu ya benchi na inaweza kufungwa, hakuna kusukumia chini, na bado chuma lazima ionekane imetulia kifuani ndio ipande. Na Julius Maddox wa Marekani, yule aliinua kilo 355 mwaka wa 2021 bila ile shati ya kusaidia, hata yeye aliishusha kwanza ndio akaipandisha. Sasa wewe na mimi ni nani.

Sindano. Usidunge. Hujui iko nini ndani ya hiyo chupa, yeye pia hajui, aliuziwa na mtu mwingine, na huyo mtu hatakuwepo ukianza kutapika ama mkono ukivimba usaha. Hizo homoni zikiingia kutoka nje mwili wako unaacha kutengeneza zake, makende yanasinyaa, mbegu zinapungua, na wewe na mke mko na mtoto mmoja, labda mngetaka wa pili. Moyo pia unapanuka, na damu inakuwa nzito. Alafu kuna ADAK, wale wa kupambana na dawa haramu kwa michezo Kenya, tangu sheria ya 2016 Kenya haichezi na hii kitu, ukishikwa na steroidi adhabu ya kawaida ni miaka minne nje ya michezo, na hapo sasa utakuwa kwa karatasi kweli. Ati "wote wanatumia", yeye alijuaje, ni daktari wao? Githeri yako iko sawa, ongeza mayai, maziwa mala, na omena ya Gikomba iliyokaangwa vizuri, pesa ya sindano moja inanunua trei ngapi za mayai, piga hesabu na mke akiwa hapo.

Na huyo mke, ndugu yangu, amekuuliza swali la haki kabisa. Hapana, hizo kilo hazitalipa rent. Huu mchezo watu wengi, hata huko nje, wanajilipia wenyewe, na kama ulikuwa na ndoto ya pesa ni vizuri uizike mapema. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, usingoje akushike ukidanganya. Alafu mwambie unataka kiasi gani kwa mwezi, kiwe kidogo, kisitoke kwa rent wala kwa pampas, na siku kimeisha kimeisha. Wanawake wengi hawakatai gym, wanakataa kutojua pesa imeenda wapi. Na kama ako na nafasi jioni, yeye ndio awe anakupa presi na raki, sidhani atakupendelea.

Wasee walikuchangia uwaambie ukweli pia, kwamba hakuna aliyewaibia, wasome hii pamoja na wewe, watacheka na itaisha. Ile ya kusema "sina klabu" msirudie tena, juu mkiamini hivyo hamtafanya mazoezi ya amri.

Ukirudi, usiseme 130 kwa meza ya kujiandikisha hata kama wamesimama nyuma yako wanapiga makofi. Anza na 115. Ikiingia safi itisha 122.5, na ikiwa hiyo ilipanda bila shida omba 130, ikiwa ilikwama kidogo katikati chukua 127.5 ushikilie juu hadi usikie raki.